Kivuli Kinachozaa: Umeme na Mazao katika Shamba Moja

Kilimo-sola ni utaratibu wa kutumia kipande kimoja cha ardhi kwa kazi mbili kwa wakati mmoja. Paneli za jua huzalisha umeme juu, na chini yake, au katikati ya safu zake, mkulima anaendelea kulima au kufuga. Hapo ndipo unapotofautiana na kituo cha kawaida cha umeme wa jua, ambako ardhi husafishwa, huzungushiwa uzio na kufungwa kwa matumizi mengine yote kwa miaka 25 au 30. Kituo cha Garissa nchini Kenya, kilichozinduliwa mwaka 2019, kina uwezo wa megawati 50 na kimechukua hekta 85. Katika nyika pana ya Garissa si rahisi kuiona hasara hiyo ya ardhi, ingawa hata huko wafugaji wanahitaji malisho. Kando ya miji na njia kuu za umeme hali ni nyingine. Huko ndiko wawekezaji wanakopenda kujenga, maana kuvuta nyaya ni gharama, na huko karibu kila hekta ni shamba la mtu.

Paneli zenyewe nazo hufanya vizuri mashambani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, walionyesha kwamba ardhi ya kilimo ni miongoni mwa maeneo yanayofaa zaidi duniani kwa umeme wa jua. Sababu ni kwamba paneli haihitaji jua tu. Inahitaji pia upepo mwepesi na hewa isiyo na joto la kupita kiasi. Jangwa lina jua jingi, lakini joto lake huipunguzia paneli nguvu. Kwa hiyo mvutano kati ya chakula na umeme juu ya ardhi ileile hautaondoka kwa kuwaelekeza wawekezaji jangwani, na ndiyo maana swali la kuviweka vyote viwili mahali pamoja limechukuliwa kwa uzito katika mabara mengi.

Wazo lenyewe

Adolf Goetzberger, mwanafizikia wa Ujerumani, alianzisha mwaka 1981 taasisi ya utafiti wa nishati ya jua ya Fraunhofer katika mji wa Freiburg. Mwaka huohuo yeye na mwenzake Armin Zastrow waliandika makala kuhusu kulima viazi chini ya mitambo ya jua. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Mitambo ikiinuliwa kiasi cha mita 2 kutoka ardhini, na safu zikiachiwa nafasi ya kutosha, kivuli hakitulii mahali pamoja, bali husogea jua linavyosogea, na mimea iliyo chini hupata karibu theluthi mbili za mwanga wa kawaida. Hakuna aliyeijaribu hesabu hiyo shambani kwa miaka mingi, kwa kuwa bei ya paneli wakati huo ilikuwa juu mno kwa mkulima yeyote.

Waliolitoa wazo hili kwenye karatasi ni Wajapani. Akira Nagashima, mhandisi wa mashine za kilimo, alijenga mnamo 2004 huko Chiba fremu nyepesi za mabomba zilizobeba paneli nyembamba zenye nafasi kati yake. Fremu hizo hazikuhitaji msingi wa zege, kwa hiyo zingeweza kufunguliwa na kuondolewa bila kuiachia ardhi jeraha. Mwaka 2013 Wizara ya Kilimo ya Japani iliruhusu mitambo ya aina hiyo katika ardhi ya kilimo kwa masharti, na kubwa kuliko yote lilikuwa hili: mavuno ya chini ya paneli yasipungue asilimia 80 ya wastani wa eneo husika.

Nchini Ufaransa, Christophe Dupraz na wenzake wa Montpellier waliliendea jambo hili kutoka upande wa kilimo mseto. Walichukua kipimo ambacho mabwana shamba walikuwa wakikitumia kupimia mahindi yaliyopandwa pamoja na maharage, yaani uwiano wa ardhi, wakakitumia kupimia mazao na umeme. Tuseme hekta moja ya viazi hutoa tani 20, na chini ya paneli hutoa tani 16. Hiyo ni 0.8. Tuseme pia hekta moja iliyojaa paneli hutoa kiasi fulani cha umeme, na paneli zilizopangwa kwa nafasi ili kuviachia viazi mwanga hutoa asilimia 70 ya kiasi hicho; hiyo ni 0.7. Jumla ni 1.5. Maana yake, hekta moja yenye vyote viwili inafanya kazi ya hekta moja na nusu zilizotenganishwa. Mwaka 2011 hesabu za Dupraz zilikadiria kwamba tija ya ardhi ingeweza kuongezeka kwa asilimia 35 hadi 73.

Kipimo hiki ni kizuri, lakini kinaficha jambo. Kinajumlisha viazi na umeme bila kuuliza nani anapata kipi. Mkulima ambaye fedha ya umeme haimfikii hana 1.5 mkononi, ana 0.8, na hiyo ni hasara tupu.

Jani linahitaji mwanga kiasi gani

Mtu anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza huuliza mara moja: mmea utakuaje kivulini? Jibu liko katika jani lenyewe. Jani hutengeneza chakula kwa usanisinuru, likitumia mwanga kuunganisha maji na kaboni dayoksaidi ya hewani. Mwanga ukiongezeka kazi hiyo huongezeka, ila ina kikomo. Kwa mimea kama saladi, kabichi, sukuma wiki, maharage, viazi na kahawa, jani lililo wazi hufika kikomo wakati mwanga bado uko mbali na ukali wa saa sita mchana. Mwanga unaozidi hapo haulishi mmea. Hugeuka joto, na mmea hutumia nguvu kujikinga nalo. Mahindi, mtama, muwa na mchicha vina njia nyingine ya kukamata kaboni, na vyenyewe huendelea kufaidika hata jua likiwa kali kabisa.

Nadharia hiyo peke yake ingetosha kusema kabichi ipandwe chini ya paneli na mahindi yapandwe nje. Mambo ya shambani, hata hivyo, yana kipengele cha pili ambacho katika nyanda kavu ndicho kikubwa: maji.

Kabichi katika shamba la wazi la nyanda kavu hulionyesha hili bila kipimo chochote. Asubuhi majani yake ya nje yamesimama, yana utando mwepesi wa nta, na matone ya umande yanateremka hadi kwenye shina. Kufikia saa nane mchana majani hayohayo yamelegea na kugusa udongo. Mkulima akichimbua kwa kidole karibu na shina, anakuta unyevunyevu. Maji yapo; ila mizizi haiwezi kuyapandisha kwa kasi ambayo hewa kavu inayanyonya. Jani hujiokoa kwa kufunga stomata, vile vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo ndiyo milango yake ya hewa. Milango ikifungwa maji hayatoki, lakini kaboni nayo haiingii. Kwa saa kadhaa, katika jua kali kuliko yote ya siku, kabichi haifanyi kazi. Jioni majani yanainuka tena, na mkulima anafarijika, lakini wakati huo mwanga umekwisha kupungua.

Kivuli cha paneli hukata kilele hicho cha adhuhuri. Jani halipati joto sana, hewa inayolizunguka haikauki sana, stomata hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi, na udongo hautoi mvuke kwa kasi ileile. Mmea unapoteza mwanga ambao usingeutumia, unapata saa za kazi ambazo ungezipoteza.

Wakulima wa Afrika Mashariki hawakungoja paneli kuyajua haya. Kihamba cha Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro kimejengwa juu ya maarifa hayohayo: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, kisha magimbi na maharage karibu na ardhi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Paneli ni ghorofa mpya katika mpango wa zamani, ingawa si sawa na mti. Mti hunyonya maji na rutuba uliyokusudia zao lako, paneli hainyonyi kitu. Kwa upande mwingine mti hudondosha majani yanayooza na kurutubisha udongo, na wakati mwingine humpa mkulima kuni na matunda. Paneli haina cha kudondosha, kwa hiyo samadi na matandazo hubaki kuwa kazi ya mkulima.

Yaliyopimwa

Jaribio linalotajwa sana Ulaya ni la Heggelbach, shamba lililo karibu na ziwa Bodensee kusini mwa Ujerumani. Mwaka 2016 taasisi ya Fraunhofer ilisimamisha hapo paneli zenye uwezo wa kilowati 194 juu ya eneo la kama theluthi ya hekta, kwa urefu wa mita 5, hata mashine kubwa ya kuvunia ikapita chini bila shida. Mwaka 2017 nyasi za malisho zilipungua kidogo, kwa asilimia 5, na viazi, ngano na seleri vilipungua kwa karibu asilimia 18. Ardhi hata hivyo ilifanya kazi kwa asilimia 160. Kisha ukaja mwaka 2018, wenye jua kali na ukame usio wa kawaida Ulaya. Mwaka huo viazi vya chini ya paneli vilizidi vile vya nje kwa asilimia 11, ngano kwa asilimia 3, na tija ya ardhi ikafika asilimia 186. Shamba ni lile, paneli ni zilezile. Kilichobadilika ni mvua. Katika mwaka wa maji ya kutosha kivuli kilikuwa gharama, katika mwaka wa ukame kikawa msaada.

Matokeo ya Arizona, Marekani, yanaelekea hukohuko kwa nguvu zaidi, maana pale ukame ni hali ya kila mwaka. Greg Barron-Gafford na wenzake walichapisha mwaka 2019 matokeo ya bustani ya mboga iliyopandwa chini ya paneli katika kituo cha Biosphere 2. Pilipili ndogo kali ya kienyeji iitwayo chiltepin ilizaa mara tatu ya ile iliyokuwa juani. Nyanya ndogo zilizaa mara mbili. Pilipili aina ya jalapeño ilizaa kiasi kilekile, ila majani yake yalipoteza maji pungufu kwa asilimia 65. Udongo uliomwagiliwa kila baada ya siku mbili ulibaki na unyevu wa asilimia 15 zaidi ya ule wa nje.

Mboga nazo zililipa fadhila. Mmea hupumua mvuke, na mvuke huo hupoza hewa inayopanda kuelekea paneli. Katika msimu wa mazao, paneli zilizokuwa juu ya mboga zilikuwa na joto pungufu kwa takriban nyuzi 9 wakati wa mchana, zikilinganishwa na paneli zilizokaa juu ya ardhi tupu. Jambo hili lina fedha ndani yake. Nguvu inayoandikwa nyuma ya paneli hupimwa ikiwa na joto la nyuzi 25. Kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza umeme kwa kama asilimia 0.4. Paneli iliyofika nyuzi 60, joto la kawaida katika mchana wa nchi za tropiki, imepoteza karibu asilimia 14 ya nguvu yake. Kuipoza kwa nyuzi 9 hurudisha zaidi ya asilimia 3, bila kununua kifaa chochote.

Kajiado na Morogoro

Afrika Mashariki ilipata majaribio yake kupitia mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Sheffield cha Uingereza, ukishirikisha Taasisi ya Mazingira ya Stockholm, shirika la kilimo misitu la ICRAF, kituo cha CETRAD cha Kenya na mashirika mengine. Mtambo wa Kenya ulijengwa Isinya, Kajiado, katika chuo cha kilimo biashara cha Latia. Una paneli 180 zenye wati 345 kila moja, jumla kilowati 62.1. Nchini Tanzania mtambo ulijengwa Morogoro kwa ushirikiano na shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, linalofundisha wakulima kilimo hai.

Kajiado ni nchi ya ufugaji, yenye mvua chache, upepo na jua la kuchoma. Mavuno ya mwanzo, yaliyotangazwa mwaka 2022, yalionyesha kabichi za chini ya paneli zikiwa kubwa kwa theluthi moja kuliko zile za nje, kwa mbolea na maji yaleyale. Biringanya na saladi zilielekea hukohuko. La kuzingatiwa zaidi ni mahindi: yalirefuka na kuwa na afya kuliko ya juani, ingawa kwa nadharia ya mwanga mahindi ndiyo yangelalamika kwanza. Maelezo yake ni yaleyale ya Heggelbach mwaka 2018. Kinachoyazuia mahindi ya Kajiado si uchache wa mwanga, ni uchache wa maji. Ukikipunguza kizuizi hicho, mmea huendelea hata kama mwanga umepungua kidogo.

Hapo ndipo penye swali la kuuliza kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza: katika shamba hili, zao linakwamishwa na nini? Kama ni joto na ukavu, kama ilivyo Kajiado, Dodoma, Singida au Makueni, kivuli kina kazi ya kufanya. Kama ni baridi na mawingu, kama yalivyo mashamba ya viazi ya Njombe au Limuru, kivuli kitaongeza tatizo. Huko majani huchelewa kukauka asubuhi, na unyevu unaokaa juu ya jani ndio mlango wa bakajani chelewa, ugonjwa ambao unaweza kulimaliza shamba la viazi au nyanya kwa siku chache. Kuipeleka paneli Njombe kwa sababu ilifaulu Kajiado ni kosa la kutolijua shamba.

Mazao yaliyozoea kivuli kwa asili yako katika kundi lake. Tangawizi ya Same, iliki na pilipili manga za Usambara, vanila ya Kagera na kahawa ya milimani zote huweza kulimwa chini ya miti. Haya ni mazao ya fedha, hivyo yanaweza kubeba sehemu kubwa zaidi ya gharama ya mtambo kuliko mahindi. Ni eneo linalostahili majaribio yake hapa nyumbani, maana matokeo ya viazi vya Ujerumani hayatamsaidia mkulima wa iliki. Vitalu vya miche navyo vinafaa sana: mkulima tayari hujenga chanja la nyasi kuukinga mche na jua, na paneli inaweza kufanya kazi hiyo huku ikiendesha pampu.

Kwa mifugo maelezo ni mafupi. Kondoo ndio wanaofaa zaidi, na hutumika katika vituo vikubwa vya Marekani, Australia na China, ambako hula nyasi ambazo zingehitaji kufyekwa na hupumzika kivulini. Mbuzi hupanda juu ya paneli na kutafuna nyaya. Ng'ombe hujikuna kwenye nguzo, kwa hiyo huhitaji fremu iliyoinuliwa na nguzo imara.

Kujenga juu ya zao

Urefu wa fremu hufuata kazi inayofanyika chini. Mboga zinazolimwa kwa jembe la mkono zinahitaji mita 2 na nusu hadi 3, ili mtu asimame wima na hewa ipite. Trekta huhitaji mita 4 au 5. Kila mita inayoongezwa ni chuma zaidi na msingi mzito zaidi, kwa kuwa upepo huishika paneli iliyo juu kwa nguvu kubwa kuliko iliyo karibu na ardhi. Nchi zetu hazina budi kulitazama jambo hili kwa makini. Bei ya paneli duniani ilishuka kwa karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2020, lakini chuma hakikushuka hivyo. Katika mtambo wa kilimo-sola, sehemu kubwa ya gharama ya ziada iko kwenye nguzo na mafundi. Mashamba madogo ya jembe la mkono yana nafuu hapa, kwa sababu hayahitaji urefu wa Heggelbach.

Karibu na ikweta kuna tatizo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji sana. Kule jua hupita upande wa kusini, paneli huinamishwa kulielekea, na kivuli huanguka kwa mshazari. Isinya au Morogoro jua la mchana liko utosini. Paneli hulazwa karibu tambarare, ikiinamishwa nyuzi 10 hadi 15 tu ili mvua iioshe, na kivuli chake cha adhuhuri huanguka moja kwa moja chini yake. Paneli zikibanwa pamoja kama paa, katikati yake panakuwa na giza la kudumu na mimea hurefuka ikiwa myembamba, ikitafuta mwanga. Dawa yake ni kuziachia mapengo: kuruka paneli moja baada ya nyingine, au kutumia paneli za vioo viwili ambazo hupitisha mwanga kati ya seli. Aina nyingine, inayotumika Ujerumani, husimamisha paneli wima zikitazama mashariki na magharibi. Hiyo hutoa umeme asubuhi na jioni na huacha njia pana ya trekta, lakini saa sita mchana haitoi kivuli chochote, kwa hiyo Kajiado ingekosa faida iliyo kuu.

Nyaya hazisamehe uzembe. Paneli zilizounganishwa kwa mfululizo hubeba mamia ya volti, na hakuna swichi ya kulizima jua. Waya uliozikwa juujuu hukutana na jembe siku moja. Hupitishwa juu, ndani ya fremu, au huzikwa ndani ya bomba kwa kina ambacho jembe halifiki, na wakulima wote wanaoingia shambani huonyeshwa ulipopita. Fremu nzima huunganishwa na waya wa ardhini.

Halafu kuna mvua. Paneli haizuii maji kufika ardhini, huyakusanya kwenye ukingo wake wa chini na kuyamwaga katika mstari mmoja. Mvua kubwa ya saa moja inaweza kuchimba mfereji pale, ikang'oa miche, wakati tuta lililo katikati limebaki kavu. Kosa hili hurekebishika kwa mtaro mwembamba wa bati au plastiki unaofungwa ukingoni na kupeleka maji kwenye tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paneli 180 kama zile za Isinya zina karibu mita za mraba 350. Mvua moja ya milimita 20 huangusha juu yake karibu lita 7,000. Yakihifadhiwa na kutolewa kwa mabomba ya matone, maji hayo huendelea kutumika siku nyingi baada ya mawingu kuondoka. Maji ya kuoshea vumbi la paneli nayo huanguka kwenye matuta, kwa hiyo sabuni haitumiki.

Umeme wenyewe

Mtambo wa kilowati 62, ukipata jua la nguvu la saa 5 kwa siku, hutoa karibu yuniti 300 kabla ya kutoa upotevu. Hicho ni kiasi kikubwa kwa shamba moja. Pampu ya umwagiliaji hutumia sehemu tu, na ina uzuri wa kutohitaji betri, kwani maji yanayopandishwa tangini mchana ndiyo akiba yenyewe. Chumba cha baridi hubadilisha zaidi maisha ya mkulima: sukuma wiki iliyovunwa leo ikiweza kungoja siku tatu, mwenye shamba halazimiki kukubali bei yoyote ya dalali wa jioni. Vivyo hivyo kwa maziwa katika maeneo ya wafugaji. Kukausha mboga, kusaga nafaka na kuangulia vifaranga ni matumizi mengine yanayofuata jua.

Kinachobaki huuzwa. Kanuni za Kenya za mwaka 2024 zinamruhusu mtumiaji wa umeme kurudisha ziada yake kwenye gridi kutoka mtambo usiozidi megawati 1, akafidiwa katika bili. Tanzania ina utaratibu wa wazalishaji wadogo, hadi megawati 10, kuliuzia shirika la umeme la TANESCO au kuhudumia wanakijiji kwa gridi ndogo. Hata hivyo shamba lililo mbali na nguzo ya karibu halina pa kuuzia, na mtambo mkubwa kuliko matumizi yake ni mtaji uliolala. Busara ni kuanza na kazi zilizopo shambani, kisha kupima ukubwa wa mtambo kwa kazi hizo.

Sheria na mkataba

Nchi zilizotangulia zimegundua kwamba neno kilimo linaweza kutumiwa kama kisingizio. Mwekezaji hupanda nyasi kidogo chini ya kituo cha kawaida na kudai kibali cha shamba. Ndiyo maana sheria zao hupima mavuno. Japani ilitaka asilimia 80. Ujerumani, katika kiwango chake cha mwaka 2021, inataka angalau asilimia 66 na kwamba nguzo zisichukue zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya eneo. Ufaransa iliweka maana ya kilimo-sola katika sheria ya Machi 2023 na baadaye ikataka mavuno yasipungue kwa zaidi ya asilimia 10. Viwango vinatofautiana, lakini msingi ni mmoja: kilimo ndicho mwenyeji, umeme ni mgeni wake.

Afrika Mashariki mwenyeji huyo mara nyingi hana karatasi. Sehemu kubwa ya ardhi iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 au Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya ya mwaka 2016, na anayelima si lazima awe ndiye anayetia saini. Mara nyingi ni mwanamke, na jina lililo kwenye hati ni la mume au la ukoo. Mkataba wa kilimo-sola usiomtaja mlimaji unaweza kumwacha akilima kivulini mwa mali ya mtu mwingine.

Mkataba ulio mzuri huanza kwa kuandika mavuno ya miaka iliyopita, ili hasara ikitokea iwe na kipimo. Husema sehemu ya mapato ya umeme inayomfikia mlimaji, na kama italipwa kwa fedha, kwa yuniti au kwa maji. Husema nani ana ufunguo wa lango, na kwamba mwenye zao anaweza kuingia alfajiri bila kumwomba mlinzi. Husema nani analipa jiwe likirushwa na jembe na kupasua kioo, maana bila kifungu hicho mkulima ataogopa kulima karibu na nguzo na ardhi hiyo itabaki pori. Husema maji ya mvua yanayotoka kwenye paneli ni ya nani. Na kwa kuwa mtambo utazeeka, hutaja atakayeng'oa nguzo, atakayezibeba paneli zilizokufa, na akaunti ambamo fedha ya kazi hiyo huwekwa tangu mwaka wa kwanza.